Mzigo Usubiri Wapi?

Dada yangu anauza viatu vya kike kwa simu hapa Kigali. Asubuhi anaweka picha kwenye WhatsApp, wateja wanachagua, wanalipa kwa simu, na ahadi yake kwao ni moja: ukilipa kabla ya saa sita mchana, viatu utavipata leo leo. Mimi nasoma Kiswahili, mwaka wa tatu, na siku ambazo sina vipindi vya alasiri kazi yangu ni kufunga mizigo na kuwapigia wateja. Mwaka huu dada alileta swali nyumbani tukiwa mezani. Tuendelee kumpelekea kila mteja mpaka mlangoni kwake, au tuchague mahali pamoja kila upande wa mji, mteja apite achukue mwenyewe?

Swali hilo ukilisikia haraka utasema ni la nauli. Nauli imo, lakini ndani yake kuna jambo kubwa zaidi: kila mzigo una kipande cha mwisho cha safari, na lazima mtu fulani akitembee. Ama sisi, ama mteja.

Kwanza niseme jinsi kupeleka mlangoni kunavyokwenda hasa. Motari, ndivyo tunavyomwita mwendesha pikipiki hapa kwetu, anachukua mzigo saa nane mchana. Kutoka mjini mpaka Kimironko hatumii nusu saa. Tatizo linaanza akifika. Mji wetu una anwani nzuri: KN ni barabara za Nyarugenge, KG za Gasabo, KK za Kicukiro, kisha inafuata nambari, na vibao vimesimama kwenye makutano. Lakini sijapata kumsikia mteja akimtajia motari nambari hiyo. Anamwambia, “Ukipita duka la dawa, shuka kidogo, utaona geti jeusi.” Mageti ya Kigali, wasomaji wangu, karibu yote ni meusi. Hapo simu zinaanza. Na geti likipatikana, mwenye nyumba yuko kazini mpaka saa kumi na moja, na binti wa kazi ameagizwa asimfungulie mtu asiyemjua, jambo ambalo ni haki kabisa. Motari anasubiri. Yeye analipwa kwa mwendo, hivyo kila dakika ya kusubiri ni abiria anayempita. Baada ya dakika ishirini anarudi na mzigo, na ile leo leo yetu inakuwa kesho.

Kwa hiyo ucheleweshaji hautokei barabarani. Unatokea getini.

Binamu yetu anasoma Warsaw, nchini Poland, kama Wanyarwanda wengi wa rika letu, na ndiye aliyetueleza namna watu wa huko walivyolimaliza jambo hili. Kando ya maduka na vituo vya basi kuna makabati ya chuma yenye milango mingi, midogo na mikubwa. Huyaita paczkomat, kampuni iitwayo InPost iliyaanzisha mwaka 2009. Ujerumani walitangulia, posta yao ilianza kuyajaribu mwaka 2001. Msafirishaji anafika mara moja, anajaza milango yote, anaondoka. Mteja anapata ujumbe kwenye simu, anakwenda na namba yake ya siri, mlango mmoja unafunguka, anachukua. Kwa kawaida mzigo unasubiri saa 48. Binamu anatoka kazini usiku, saa tano, na anachukua vitabu vyake njiani akirudi bwenini. Hakuna simu, hakuna geti jeusi. Safari moja ya gari inamaliza mizigo ambayo ingehitaji safari kumi za mlango kwa mlango.

Dada alisikiliza akasema, “Hayo ni mambo ya Wazungu.” Mimi sikubaliani naye. Tazama barua yoyote ya zamani ya shule au parokia hapa Rwanda, utakuta juu yake herufi B.P.; kwa wenzetu wa Tanzania na Kenya ni S.L.P. Hilo ni kabati la chuma lenye milango midogo, na kila mwenye ufunguo alikwenda kuchukua barua zake. Kwetu barua hazikuwa na desturi ya kuja nyumbani. Sisi ndio tuliozifuata, au mtoto wa jirani alitumwa. Mgeni hapa ni huku kuletewa mlangoni, hakukuja mpaka simu ya mkononi ilipoingia. Hata zile ndege zisizo na rubani zilizoanza kurushwa kutoka Muhanga mwaka 2016, ambazo watu walikuja kutoka mbali kuzitazama, hazitafuti nyumba ya mgonjwa. Zinaiangusha damu kwa mwavuli katika hospitali, mahali panapojulikana, ambapo kuna mtu wa kuipokea. Zina haraka kwa sababu hazimuulizi mtu njia.

Basi tukatafuta mahali petu. Kabati la namba za siri hatuna uwezo nalo, na hata tungekuwa nao nisingelichagua. Tulikwenda kwa mama mmoja mwenye duka karibu na kituo cha mabasi cha Remera. Yeye ni wakala wa pesa za simu, anafungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, na tayari watu walikuwa wakimwachia funguo, bahasha, hata sufuria. Tulikubaliana tumlipe faranga 200 kwa kila mzigo. Sasa motari anaondoka na mizigo sita kwa safari moja, na mteja anaipitia jioni akishuka basi.

Faida moja hatukuipanga. Viatu si vitabu. Kiatu namba 39 kutoka kiwanda kimoja ni 38 ya kiwanda kingine, na motari hawezi kusimama akimtazama mteja akijaribu viatu. Dukani kuna kigoda. Mteja anakaa, anavaa, anatembea hatua mbili tatu, na vikimbana anaviacha pale pale. Mama wa duka naye ana maoni, na hayazuii. Kabati la chuma lingenyamaza, na viatu vingerudi kwetu kesho yake vikiwa na udongo.

Kuna na jambo la wasichana, ambalo wanaume wanaotumia huduma hizi hawalifikirii. Ukiagiza kitu kije kwako, mgeni mmoja anabaki na namba yako ya simu na njia ya kufika kwako. Wengi wa motari ni watu wa heshima na wana haraka zao. Lakini mteja wetu mmoja, mwanafunzi anayepanga chumba peke yake, aliandikiwa ujumbe usiku, wiki nzima, na mtu aliyempelekea mzigo wa duka jingine. Alituambia wazi: nitanunua kwenu, ila msimtume mtu kwangu. Kwake yeye duka la Remera limekuwa usalama kuliko urahisi.

Hadi hapa mtu angesema jambo limekwisha, kila mtu achukue dukani. Dada naye alikuwa amefika hapo. Alitaka atangaze kwamba anayetaka kuletewa nyumbani aongeze faranga 1,500, mwisho wa maneno.

Ndipo akapiga simu fundi cherehani mmoja wa Nyamirambo, mteja wetu wa siku nyingi, anayetembea kwa magongo. Anakaa katikati ya mteremko, mahali ambapo hata pikipiki hupumua. Hakulalamika. Aliuliza tu, “Mwanangu, mimi nitashuka na kupandaje?” Mita 300 kwenye ramani ni moja kwa watu wote, kwenye vilima vya Kigali si moja. Kumtoza faranga 1,500 ni kumlipisha mguu wake. Na hayuko peke yake, yuko mama aliyejifungua juzi, yuko mzee anayemnunulia mkewe zawadi na hawezi kumwacha ndani peke yake.

Tulibishana na dada siku mbili. Nilimwambia kwamba kile tunachookoa kwa mizigo sita ya Remera kinatosha kabisa kumlipia mtu mmoja wa Nyamirambo, hivyo apelekewe bure. Anayetaka kuletewa kwa sababu anapenda, alipe. Asiyeweza kutoka, aseme tu, wala tusimwombe ushahidi. Dada aliniuliza kama chuo kikuu kinafundisha biashara au huruma. Alisema watu watadanganya, na katika hilo sina hoja ya kumshinda, kwa kuwa yeye amefanya biashara miaka minne nami nafunga mizigo.

Lakini alikubali tujaribu. Mpaka ninapoandika, walioomba kupelekewa bila malipo ni wanne. Mmoja wao dada hamwamini. Anasema alimwona kwenye picha za harusi akicheza, tena katikati kabisa ya uwanja. Nimemwambia ampelekee. Mzigo wake umefungwa, uko juu ya meza, viatu vyekundu namba 40, na motari anakuja saa nane.