Ngamia wa Phoenix aliyekoswakoswa na majumba

Mwenzenu nilibahatika kwenda Marekani kumtembelea kaka yangu, mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Huko ni jangwani, bwana, siyo mchezo. Mwaka 2023 joto lilipita nyuzi 43 siku 31 mfululizo! Sisi tunaolalamika Dar mwezi wa pili, tunyamaze.

Mjini humo kuna mlima unaitwa Camelback, yaani mgongo wa ngamia. Ukiutazama kwa mbali ni ngamia kabisa, kapiga magoti, kichwa huku, nundu kule. Una mita 824 tu toka usawa wa bahari, kwa Mchaga hicho ni kichuguu. Nikaudharau.

Siku ya kwanza nikajipeleka saa nne asubuhi, Julai hiyo, na chupa moja ya maji. Geti limefungwa! Kumbe tangu 2021 siku za joto kali njia zinafungwa mpaka saa 11 jioni, maana watu walikuwa wanazimia juu, wengine wanakufa, na zimamoto wanaowafuata nao wanaugua.

Narudi kichwa chini, mama mmoja Mkongo, jirani wa kaka (Wakongo wako kibao Phoenix, Kiswahili unapata), akanicheka: "Mwanangu, kwetu mulima tunapandaka juu ya shamba. Hawa banatafuta nini kule?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake tukaanza na kaka alfajiri jua linachomoza. Njia ya Echo Canyon haifiki hata kilomita mbili na nusu, lakini kuna mahali unashika vyuma unajivuta kama mwizi anaruka ukuta. Miguu ikatetemeka, nisiwafiche. Pembeni ile mikakati mikubwa iitwayo saguaro, ambayo mkono wa kwanza inaweza kuuotesha ikiwa na miaka 75. Ukiukata leo, mjukuu wako ndiye atauona mwingine!

Juu kileleni ndipo nilipopata jibu la yule mama, au nusu yake. Nilitazama chini nikaona majumba ya vigogo na mabwawa yao ya kuogelea yamepanda, yamepanda, halafu kama yamegonga ukuta. Kaka akanieleza. Miaka ya 1960 wenye fedha walikuwa wanajenga kuelekea kileleni. Seneta Barry Goldwater, mwenyeji wa Phoenix, alikuwa ametoka kubwagwa vibaya na Lyndon Johnson kwenye uchaguzi wa rais wa 1964. Mwaka 1965 akaongoza harambee ya kununua ardhi yote ya juu ya futi 1,800, kama mita 550 hivi, iwe ya umma. Michango ya raia haikutosha. Mwaka 1968 serikali kuu ikaongeza fedha, na rais alikuwa nani? Johnson yuleyule!

Lakini ngamia aliokolewa nusu, jamani. Kichwa na nundu ni vya umma, mbavu ni za matajiri. Sisi tulikuwa tumeegesha gari mbali kwa sababu pale chini nafasi hazitoshi.

Tulishuka kabla ya saa mbili. Yule mama alikuwa barazani kwake, akanipa maji, akauliza nilileta nini kutoka mulimani. Nikamwonyesha miiba mkononi.