Isaka, Mahali Reli Inapokabidhi Mzigo kwa Barabara

Ukipanda gari la moshi kule Tabora kwenda upande wa Mwanza, nawe una tiketi ya kushukia Isaka, usilale. Nakuambia hivi kwa sababu mimi nililala. Nilijifunika shuka yangu vizuri, nikaweka mfuko chini ya kichwa, na nilipofumbua macho watu walikuwa wakiteremsha magunia Shinyanga. Sikuwa na wa kumlaumu. Ilinibidi kupanda basi na kurudi hadi Tinde, pale barabara inapogawanyika, mkono mmoja kwenda Nzega na mkono mwingine kwenda Isaka na Kahama. Hapo nikasimama juani kungoja gari jingine. Mzee mmoja mwenye tenga la kuku akanitazama mimi na mfuko wangu, akauliza, “Umepitilizwa?” Nikakubali. Akacheka sana. “Kila gari likipita,” akasema, “hatukosi mmoja.”

Basi nikafika Isaka kwa njia ya malori badala ya njia ya reli, na sasa nadhani ilikuwa heri. Maana mtu akishuka kwenye behewa huona stesheni ndogo tu, miti michache na wauza chai. Lakini ajaye kwa barabara huona kwanza malori, moja nyuma ya jingine, yenye namba za Rwanda, Burundi na Kongo. Utingo wamelala chini ya magari yao kukimbia jua. Mwingine anafua shati, mwingine anapika ugali kwenye jiko la mkaa pembeni mwa gurudumu lililo refu kumpita kifuani. Ndipo unapojiuliza: watu wote hawa wanangoja nini katika mji mdogo namna hii wa wilaya ya Kahama?

Wanangoja treni. Isaka ni bandari, ingawa hapana bahari wala ziwa. Ndiyo maana watu huiita bandari kavu. Meli hushusha makontena Dar es Salaam, reli huyaleta mpaka hapa, mwendo wa karibu kilometa 1,000, na hapa ndipo safari ya chuma inapokwisha na safari ya matairi inapoanza. Watu wa forodha hukagua karatasi na kuitazama lakiri kwenye mlango wa kontena kama haikuguswa. Kisha kreni hulinyanyua kontena kutoka kwenye behewa na kuliweka taratibu juu ya lori. Utingo hukaza minyororo, dereva hukohoa, wanaondoka: Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, Lusahunga, na baadaye ama Rusumo kwa Rwanda ama Kabanga kwa Burundi. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kigali hana haja ya kulituma lori lake mpaka pwani. Kutoka Isaka mpaka kwake ni kama kilometa 500 tu.

Na si mizigo peke yake inayobadili njia hapa. Mchimbaji aendaye kutafuta bahati yake Geita naye anaweza kushuka Isaka, akaenda Kahama, na kutoka huko akashika njia ya Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, hadi Geita.

Nimetaja mgodi, nami nakumbuka jambo moja. Sisi wa huku tukisikia maneno “chini ya ardhi” tunawaza dhahabu mara moja. Lakini katika mji wa Delhi, huko India, watu wamechimba chini ya ardhi ili wapishane. Mahali penyewe panaitwa Rajiv Chowk, katikati ya mji. Juu kuna bustani na maduka. Chini yake kuna stesheni kubwa iliyofunguliwa mwaka 2005, ambapo reli mbili hukatana, moja ikipita juu ya nyingine. Moja hutoka kaskazini kwenda kusini, nyingine mashariki kwenda magharibi. Anayetaka kubadili njia hushuka ngazi au hupanda, basi. Hahitaji kutoka nje wala kununua tiketi ya pili. Asubuhi watu hujaa humo kama siku ya mnada.

Jambo lililonivutia ni hili. Reli za mji huo hazina upana mmoja. Zile za mwanzo zina milimita 1,676 kati ya chuma na chuma, na baadhi ya zilizofuata zina milimita 1,435. Gari la njia moja haliwezi kuingia katika njia ya pili. Hata hivyo abiria hajui na hajali, maana ana miguu: anatoka hapa, anaingia pale. Lakini kontena halina miguu. Ndiyo sababu Isaka inahitaji kreni, karani, mlinzi, kibarua, na mama ntilie wa kuwalisha hao wote. Huko Delhi abiria akikawia mahali pa kubadili njia, hiyo ni hasara. Hapa Isaka kukawia ndiko kunakopika chungu cha mtu.

Njia za nchi hii zilikuwa zikigawana watu hata kabla ya reli. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: huku Ujiji, huku kaskazini. Mwezi Julai 1858 Mwingereza Speke alimwacha mwenzake Burton hapo Tabora, akapita katika nchi ya Wasukuma kwa miguu, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa karibu na Mwanza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha mkono wake wa kaskazini ukafika Mwanza mwaka 1928. Ujiji, uliokuwa mji wa misafara yote, ukaona stesheni ikijengwa Kigoma, jirani yake tu. Njia ikisogea kidogo, biashara husogea nayo.

Neno hilo ndilo linalozungumzwa sana Isaka siku hizi, jioni, penye mabenchi ya chai. Reli ya zamani ina upana wa mita 1. Ile mpya ya umeme ina milimita 1,435, na tangu mwaka 2024 inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilometa 341 pamoja na njia za kupishania, ulizinduliwa Juni 2021, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Isaka, kilometa 165, ulitiwa sahihi mwaka 2022. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana pia juu ya reli ya kutoka Isaka mpaka Kigali. Ukisikia hayo tu utasema Isaka imepata.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Mwaka 2025 bandari kavu kubwa ilizinduliwa Kwala, mkoa wa Pwani, na nchi jirani zimepewa maeneo yao humo. Mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, ambayo haipiti Isaka hata kidogo. Na ile ya Kigali yenyewe, ikijengwa siku moja, treni itapita hapa bila kumhitaji utingo.

Mama mmoja aliyeniuzia wali na maharage alikuwa amekwisha kuyapima hayo kuliko mimi. Ameanza na sufuria moja, sasa anazo nne, na watoto wawili wako shule kwa sufuria hizo. Nikamwuliza, je, treni isiposimama? Akasema shamba lake la mpunga hakuliuza, analilima bado, na kila masika huliacha genge kwa dada yake. Nami naona huyo ana akili kuliko vijana niliowakuta pale, waliouza ng’ombe wa baba zao wanunue pikipiki za kuwapeleka abiria wa stesheni, na hawana kitu kingine.

Nilirudi kwa reli, usiku. Mhudumu wa behewa aliniuliza nashuka wapi, nikamwambia Tabora, naye akasema huko hakuna anayepitilizwa kwa makelele ya wabeba mizigo. Wewe ukija kutoka huko, mwombe akuamshe Bukene. Ukiwa macho Bukene, Isaka haitakuponyoka.