DINARI MBILI ZA MSAMARIA

Leo fungua Luka 10, mstari wa 30 hadi 35. Najua habari ya Msamaria mwema umehubiriwa mara nyingi. Leo nataka uisome ukihesabu pesa.

Msamaria alimhurumia yule majeruhi, lakini huruma yake haikuishia kinywani. Alimfunga majeraha kwa mafuta na divai. Hiyo ni dawa. Akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Hiyo ni nauli. Akampeleka nyumba ya wageni, akamuuguza. Hicho ni kitanda. Kesho yake akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi akirudi. Hiyo, mpendwa, ni kliniki ya mwezi ujao. Na ukisoma Mathayo 20 utaona dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Alitoa jasho la siku mbili kwa mtu asiyemjua.

Kwa nini nakuhesabia? Kwa sababu hapa kwetu Waa, wengi wanaougua akili hawakosi maombi. Wanakosa nauli.

Kuna dada mmoja niliyewahi kuketi naye. Alikuwa ametulia kabisa: analala, anakaanga mahamri yake, anauza. Kisha mvua zikaja, biashara ikalala, akakosa nauli ya kwenda kliniki. Mwezi wa pili vilevile. Wa tatu akaanza kusikia sauti tena. Majirani wakasema, pepo limemrudia. Mpendwa, kilichorudi ni ugonjwa, kwa sababu dawa ilikatika.

Sisemi mapepo hayapo. Mimi ni Mpentekoste, na kwa jina la Yesu tunakemea! Lakini soma Mathayo 4:24. Waliletwa kwa Bwana wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza, na Biblia ikawataja kila mmoja kwa hali yake. Haikuwaweka wote kapu moja. Sasa wewe ni nani hata umwambie mgonjwa wa sonona, au mwenye kifafa, kwamba ana pepo na hana imani, atupe vidonge? Pwani yetu imelia ya kutosha. Shakahola mwaka 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400. Mhubiri anayekukataza hospitali, mkimbie.

Basi sikia njia ilivyo, maana watu wengi hukaa nyumbani wakidhani tiba ya akili ni ya matajiri.

Anza karibu. Yule mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba wake, mwite, mwambie ukweli. Kisha zahanati au kituo cha afya. Ukishajiandikisha SHA kwa *147#, huduma za ngazi hiyo hulipiwa na serikali, hulipi kuonwa. Hospitali kubwa ndiyo inayotaka uwe umelipa mchango. Kwa asiye na ajira kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, 3,600. Ni nyingi kwa mama wa mahamri, ndiyo maana kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Hospitali ya Kwale au ya rufaa ya Msambweni, uliza siku ya kliniki ya afya ya akili. Zamani mgonjwa wa huku alionekana lazima avuke feri ya Likoni hadi Port Reitz, lakini sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inaipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hii katika vituo vyake. Ni haki yako. Iulizie bila kuona haya.

Ukipewa dawa, vumilia. Vidonge vya sonona huchukua wiki mbili, tatu au nne kabla hujaona nafuu. Wengi huacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Na usiache ghafla eti umepona. Mwambie daktari kwanza.

Na wewe uliyewahi kujaribu kujitoa uhai, ukaogopa kusema hospitalini usije ukaitiwa polisi, nisikilize. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichokufanya mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Wewe ni mgonjwa anayehitaji tiba. Eliya mwenyewe, nabii aliyeshusha moto, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ikiwa usiku wa leo ni mzito, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Usisubiri Jumapili.

Sasa nirudi kwako mtu wa Mungu mwenye afya. Dinari zako mbili ziko wapi? Ushirika wa nyumbani wenye watu kumi ukiweka kila mmoja shilingi 20 kwa wiki, mwisho wa mwezi una 800. Hiyo humpeleka mgonjwa mmoja kliniki na kumrudisha, na pengine ikabaki ya chai. Mmoja wenu aandike tarehe yake ya kliniki. Mwingine amsindikize, aketi naye kwenye foleni, maana kuketi pale peke yako watu wakikutazama ni kazi ngumu kuliko ugonjwa. Na akiwa ni jirani yako Mwislamu, msindikize vilevile. Msamaria hakumuuliza majeruhi anaabudu wapi.

Endelea kumwekea mikono mgonjwa, endelea kufunga. Lakini ukimaliza kusema amina, muulize: tarehe yako ya kliniki ni lini, na nauli unayo?

TUOMBE: Baba, mwangalie kila anayesoma haya akiwa na giza moyoni. Mpe usingizi usiku huu. Ibariki mikono ya wauguzi wetu. Na sisi tunaopita njia ile ile, tunyime raha ya kupita kando. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu utakayemsindikiza kliniki mwezi huu, usimwandike jina hapa. Andika tu: NITAENDA NAYE. Mbarikiwe.