Mbwa wa Maalim na Usingizi wa Jirani



Usistaajabu kuona mbwa akitajwa katika kurasa hizi, wala usiliweke jarida kando kabla hujafika mwisho. Najua sisi watu wa Pwani tulivyolelewa. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na mtaani kwetu mtoto aliyeguswa na pua ya mbwa alikuwa akirudi nyumbani analia, na mama yake akitoka na ndoo ya maji na konzi ya udongo kabla hata ya kumwuliza kilichomsibu. Mbwa kwetu alikuwa kitu cha kufukuzwa kwa jiwe. Sikuwahi kudhani kuwa nitafuga mmoja, sembuse kuandika habari zake.

Lakini riziki ya mtu haiulizi alipozaliwa. Nalifika Babati mwaka 1989 kusomesha watoto, wakati mji huu ungali katika mkoa wa Arusha. (Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002, na Babati ikawa makao makuu yake.) Huu ni mji wa njia panda, magari ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida yote hupitia hapa. Juu yake umesimama mlima Kwaraa, na chini yake kuna Ziwa Babati lenye viboko, ambao usiku hutoka majini kula majani, na wakinogewa huingia hata katika mashamba ya watu. Wenyeji ni Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig, na Warangi ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu. Kwa watu hawa mbuzi na mbwa ni vitu viwili visivyotengana, kama sisi na ngalawa na tanga.

Nami nikawa na mbuzi. Usiku mmoja wezi wakachukua wawili, na haukupita mwezi fisi akachukua wa tatu. Ndipo nikashauriwa kutafuta mbwa.

Kabla ya kumchukua nalifungua vitabu. Mtume S.A.W. ametutahadharisha kufuga mbwa pasipo haja, na akatueleza kuwa afanyaye hivyo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini akamtoa katika hukumu hiyo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamezungumza juu ya mbwa wa kulinda nyumba, na kauli yenye nguvu ni kwamba yafaa, kwa kumkisi na hao wengine. Ama unajisi wake, kwetu sisi ni ule mzito, unaooshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Na Imamu Malik, Mungu amrehemu, yeye amesema mbwa ni tohara na kuosha huko ni ibada tu. Basi nikamchukua mtoto wa mbwa kwa mfugaji mmoja wa hapa, nikamtengea bakuli lake, nikamjengea kibanda karibu na lango, nikamfunga kwa mnyororo, nikawaonya wajukuu wasimguse wakiwa na maji mwilini. Wao wakamwita Simba. Nikaona nimetimiza yote.

Alipokuwa mkubwa, Simba akaanza kubweka. Akipita mpanda baiskeli, hubweka. Akipita mlevi, hubweka. Mbwa wa mtaa wa pili akilia, naye humjibu, na mazungumzo yao huchukua saa nzima. Baridi ya Juni na Julai ikishuka kutoka mlimani hubweka bila ya sababu niliyoweza kuiona. Nikiamka kusali usiku nalimtupia ukuni kupitia dirishani na kumkemea kwa sauti kubwa. Hunyamaza kidogo, kisha huanza tena. Mimi mwenyewe nikazoea, kama anayekaa karibu na mashine ya kusaga asivyoisikia tena.

Sasa nikueleze jambo ambalo laniumiza mpaka leo.

Katika chuo changu alikuwako mtoto wa miaka tisa, yatima, anayelelewa na bibi yake. Nyumba yao na yangu zatenganishwa na ua tu. Mtoto huyu alikuwa na kifua kizuri cha kuhifadhi. Ghafula akaanza kusinzia. Wenzake wasoma, yeye kichwa chaanguka juu ya msahafu. Nikamwonya mara moja, nikamwonya mara ya pili, ya tatu nikampiga bakora mbili za kiganja mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa usingizi katika darasa la Qur'ani ni utovu wa adabu. Hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Maalim, usiku silali. Mbwa wako."

Ndugu yangu msomaji, chuo kizima kilinyamaza. Ile bakora mkononi nalitamani ardhi iimeze.

Jioni ile nikaenda kwa bibi yake. Ni mjane wa Kirangi, mtu mzima kunipita, na miezi kadhaa nyuma nalikuwa nimeona kuwa salamu zake zimekuwa fupi, nami nikadhani ni uzee. Nikamwuliza, "Bibi, kwa nini hukuniambia?" Akajibu kwa upole, "Maalim, nani atakwenda kumwambia sheikh kuwa mbwa wake apiga kelele? Wewe ndiwe utusomeshaye haki za jirani." Akaendelea kunieleza kuwa ana ugonjwa wa moyo, na kila mbwa anapofumuka usiku yeye huketi kitandani akishika kifua, na mtoto huamka kumletea maji.

Hapo ndipo nilipojitazama. Nalikuwa nimechunga unajisi wa mbwa hata tone la mate lisipite, na sikuchunga haki mbili zilizokuwa mlangoni pangu. Mara ngapi nimewasimulia watu juu ya mimbari habari ya yule mwanamke aliyekithirisha sala na saumu, na Mtume akasema ni wa motoni kwa sababu ya kuwaudhi majirani zake kwa ulimi wake! Yeye aliudhi kwa ulimi wake mwenyewe. Mimi naliudhi kwa ulimi wa mbwa wangu. Na yule mwingine aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache akajitafutie? Simba nalimlisha, ndiyo; lakini mnyororo ule ulikuwa wa hatua tatu, na usiku na mchana hakutoka hapo.

Nalipouliza la kufanya, nasaha zilikuwa nyingi. Mmoja aliniambia nimtilie sumu katika nyama. Mwingine akasema nimpeleke mbali nikamtupe huko njia ya Kondoa. Yule bibi mwenyewe, aliyekuwa na haki ya kutaka hayo, akakataa. "Usimwue kiumbe wa Mungu kwa ajili yangu," alisema. "Mnyamazishe tu."

Kumnyamazisha nikafundishwa na mzee mmoja wa Kibarbaig aletaye maziwa mtaani kwetu, mtu asiyejua kusoma, lakini kwa wanyama ni mwanachuoni. Alisimama langoni, akamtazama Simba akirukaruka mwisho wa mnyororo, akacheka. "Mzee, mbwa wako hana wazimu," akasema. "Hana kazi. Umemfunga mahali aonapo dunia yote yapita, wala hawezi kuifikia. Hata wewe ungepiga kelele."

Basi tukaanza. Kibanda tukakihamisha kutoka langoni tukakiweka nyuma, karibu na zizi la mbuzi, mbali na njia na mbali na dirisha la bibi. Matundu ya ua tukayaziba kwa mabati makuukuu, ili asione miguu ya wapitao. Kwani mengi ayabwekeayo mbwa ni yale ayaonayo. Mnyororo nikaufungua usiku, akawa huru ndani ya ua. Mlo wake wa pili nikauweka baada ya Isha, ugali na dagaa, na maji yasikauke bakulini. Mbwa mwenye njaa au kiu hana usingizi, na asiye na usingizi hawaachii wengine.

Lililokuwa zito kwangu ni kumtembeza. Yule mzee alisema mbwa asiyechoka mchana hubweka usiku, wala hapana dawa nyingine. Nikataka kumtuma mjukuu, kisha nikaona kuwa kosa ni langu na adhabu iwe yangu. Kila baada ya Alfajiri, wakati ningali na uradi mdomoni, nalivaa nguo kuukuu, nikashika kamba kavu, na tukateremka upande wa ziwani na kurudi. Ndugu msomaji, waza Babati nzima ikimwona Maalim na kofia yake akikokotwa na mbwa! Vijana wa bodaboda walikuwa wakinisalimu kwa heshima kubwa kupita kawaida, nami najua waliyokuwa wakisema nikisha kupita. Wako na wenzangu walionong'ona msikitini. Hao naliwajibu kwa kitabu, na nguo za safari ile hazikuingia katika sala.

Jambo jingine ambalo sikulijua: ukimkemea mbwa anayebweka kwa kupiga kelele, yeye hudhani wamsaidia. Wewe nawe wabweka, kwa lugha yako. Mzee alinifundisha kwenda kimya, kutazama alichokiona, kisha kusema neno moja kwa sauti ya chini, "Basi", na kungoja. Akinyamaza hata kwa pumzi tatu, apewe dagaa mmoja. Akianza tena, hapewi kitu wala hatazamwi. Siku za kwanza kelele zilizidi, kwa kuwa alikuwa akinijaribu, nami karibu nikate tamaa. Wiki ya tatu akaanza kuelewa. Ilichukua kiasi cha miezi miwili kabla mtaa haujalala, na hata sasa tukisafiri sikukuu akabaki peke yake, hurudia mambo yake ya zamani. Kwa hiyo mmoja wetu hubaki.

Lakini sikutaka awe bubu. Kubweka ndiyo kazi niliyomwajiria. Waarabu wa kale waliisifu sauti hiyo: msafiri aliyepotea jangwani usiku alikuwa akibweka yeye mwenyewe kama mbwa, ili mbwa wa kambini wamjibu, naye afuate sauti mpaka kwenye moto na chakula. Walikuwa na jina maalumu la mtu huyo, na mkarimu alijisifu kuwa mbwa wake humwongoza mgeni. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya 3 ya Hijra, katika kitabu chake cha wanyama aliandika mjadala mrefu wa mbwa na jogoo, nani bora. Wazee wetu hawa hawakuona haya kumfikiria mnyama huyu. Sisi tumebakiwa na jiwe tu.

Niseme kidogo na juu ya uchuro. Wako wasemao mbwa akilia kwa kuvuta sauti usiku, mtu atakufa. Hayo hayana asili. Tumefundishwa tusikiapo mbwa na punda wakilia usiku tujikinge kwa Mwenyezi Mungu, basi. Hatukuambiwa tuanze kutafuta maiti. Na akivuta sauti wakati wa adhana, kama afanyavyo Simba kila Magharibi, usimpige. Sauti ndefu humvuta naye akaitikia, kama aitikiavyo king'ora cha gari.

Ila iko sauti moja ya kuogopa. Bwana mifugo alipokuja kumchanja alituambia: mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafula, ikakwaruza, na mate yamtoka, na tabia si yake, huyo jitengeni naye na toeni habari upesi, kwani huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje aone. Ugonjwa huo ukisha kuonyesha dalili zake hauna tiba, lakini chanjo huuzuia. Ndugu zetu wa Pemba, kisiwa cha Waislamu, waliukata mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa; ukarudi mwaka 2016, nao wakachanja tena mpaka ukakatika mwaka 2018. Chanjo ya mbwa ni kila mwaka. Usiseme huyu ni mbwa tu.

Nimeyaandika haya kwenu nyinyi wa Pwani kwa sababu, kila nishukapo Tanga au Dar es Salaam, naona nyumba za watu wetu zajengwa nje ya mji, kuta ndefu, na nyuma ya ukuta mbwa wa ulinzi. Mwenye nyumba yuko ndani, madirisha yamefungwa, mashine ya baridi yanguruma, hasikii kitu. Jirani wa upande wa pili alala dirisha wazi. Huenda naye anaona haya kukuambia, kwa ajili ya kofia yako, au mali yako, au cheo chako. Usimngoje. Mwulize wewe.

Yule mtoto nalimtaka radhi chuoni, mbele ya wale wale waliomwona akipigwa, na bakora ile sikuishika tena. Sasa amefika Suratul Kahf, na alipofika kwenye habari ya vijana wa pangoni na mbwa wao aliyenyosha miguu mlangoni, aliinua kichwa akanitazama, akacheka kidogo, nami nikacheka. Jioni huja kumrushia Simba dagaa kutoka mbali, kwa kuwa bibi yake hataki amguse.

Juma lililopita bibi aliniita uani asubuhi. "Maalim," akasema, "jana usiku mbwa wako alibweka mara moja tu, kwa nguvu, kisha akanyamaza. Alikuwa nani?"

Nikamwonyesha bustani yangu ya mchicha. Nusu yake ilikuwa imelala chini, na katikati ya matuta kulikuwa na nyayo pana kama sahani.

"Kiboko," nikamwambia.

"Basi mwambie," akasema bibi, "kiboko abweke hata mara mbili."