Mnyama wa Miiba na Miguu Yetu

Sisi akina mama wa pwani ya Kenya twaijua bamvua kuliko kalenda. Maji yakitoka, twajifunga leso viunoni na kushuka kutafuta pweza, watoto wakitufuata nyuma. Huko tunamkuta mnyama mweusi wa mviringo, mwenye miiba mirefu kama sindano za kufumia. Wataalamu humwita Diadema setosum. Mchana hujibanza mianyani mwa mawe, usiku hutoka kula mwani. Kivuli kikimpita, huielekeza miiba yake upande huo. Miiba hiyo ina sumu kidogo, na ikiingia mwilini hukatika.

Mwenzetu mmoja alichomwa unyayoni, akakaa siku tisa bila kushuka majini. Kwa mama anayelipa ada ya shule kwa pweza, siku tisa si chache. Baadhi yetu tukasema twende na nondo tuwavunje wote. Nyanya mmoja akatuuliza, "Wanangu, mkiwamaliza, nani atapalilia mawe?"

Alisema kweli. Wakiwapo kwa kiasi, hula mwani, na matumbawe machanga hupata nafasi ya kukua. Mwaka 1983 na 1984, ndugu zao wa Bahari ya Karibi walikufa kwa maradhi, na miamba mingi ikafunikwa na mwani. Mwaka 2023 maradhi yaliwaua wengi wa aina yetu hii katika Bahari ya Shamu. Lakini wanyama hawa wa miiba wakizidi, huukwangua hata mwamba wenyewe. Utafiti hapa Kenya umeonyesha kuwa huongezeka pale kikande, samaki anayewala, anapovuliwa kupita kiasi. Basi tumewaomba waume zetu wamrudishe kikande majini, na nondo tumeziacha nyumbani.

Miguu nayo tunailinda. Tunavaa raba, na mtoto hatangulii mbele ya mama. Aliyechomwa huloweka mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yaliyopimwa kwanza na mtu mzima, kwa nusu saa au zaidi. Mwiba unaoonekana hutolewa kwa kibano; usichokonoe kwa pini. Doa jeusi peke yake huenda likawa rangi tu. Mwiba ukiwa karibu na kiungo, mguu ukivimba, au mgonjwa akipumua kwa shida, mpeleke hospitali, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Akina mama wenzetu, bahari ni shamba letu. Mkulima huvaa viatu kwa ajili ya miiba, wala hachomi shamba.