Mistari ya Arusha Jijini Munich

Albamu ya kundi la X Plastaz, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na Out Here Records, kampuni ya hapa hapa Munich. Kwa mtu wa Arusha anayeishi jiji hili, hilo ni jambo kubwa. Kundi la ndugu na washikaji lililoanza kuchana miaka ya tisini kule kwetu liliingia Ulaya kupitia mji ninaolipia kodi ya nyumba.

Nikiwawekea wenzangu wa kazini muziki huo, hukamatwa na sauti ya Yamat Ole Meipuko, mwimbaji Mmaasai wa kundi hilo. Wimbo wa Kimaasai ukipanda juu ya biti hauhitaji mkalimani, nami hufurahi kuwaona wamenyamaza. Lakini wenzake Faza Nelly na Gsan wakianza kuchana, macho hurudi kwenye simu. Wanachokipenda ni shuka na ile sauti ngeni. Kijiweni kwetu ilikuwa kinyume. Mmaasai si kioja Arusha, ni jirani. Watu walitega sikio kwenye mistari. Wimbo kama "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki" ulitosha kwa jina lake tu kuwasha ubishi wa jioni nzima: mwenye njaa akiiba, wa kuhukumiwa ni nani? Wauza mitumba, makondakta, vijana wa shule, kila mmoja alikuwa na hoja.

Huku Munich msanii huheshimiwa kwa mkataba, na onyesho huanza saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hilo nalitamani sana nyumbani, maana nimeona vipaji vikizimika kwa dhuluma. Lakini Faza Nelly alipouawa Arusha mwaka 2006, sikuwa na mtu wa kulia naye. Uwezo wa kununua CD zake nilikuwa nao. Wa kukaa msibani na waliomjua, sikuwa nao.

Ukaribu huo wa watu wanaojuana ndio ninaousikia ndani ya muziki wa Arusha hadi leo. Kundi la Weusi liliundwa na watu waliokuwa pamoja tayari: Joh Makini na Nikki wa Pili ni ndugu wa damu, G Nako na Lord Eyez walitoka pamoja kundi la Nako 2 Nako. Mmoja akiacha mstari, mwingine anaudaka kama mtu anayejua mwenzake atasema nini. Studio nzuri haiwezi kukupa hilo.

Mwaka 2021 Nikki wa Pili alipoteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe, kundi letu la WhatsApp liliwaka moto. Je, mchanaji akiingia serikalini, mistari yake inabaki na nguvu ile ile? Nilikuwa kazini zamu ya usiku. Nilipofungua simu asubuhi, ubishi ulikuwa umekwisha. Nikampigia mshikaji mmoja anisimulie nani alisema nini. Hakusimulia. Alinitaka kwanza nitoe msimamo wangu, tukaanza upya, mimi nikisema inabaki, yeye akikataa kabisa.