Inakula Lita Ngapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwandishi wa kumbukumbu hizi akiwa mtoto pale Kendwa, kaskazini ya Unguja, hakumsikia mtu mzima akilalamikia bei ya mafuta. Malalamiko yalikuwa mengine. Gari ya mbao iliposhusha watu jioni kutoka mjini, wa kwanza kukanyaga chini alikuwa akiulizwa, "Ami, mafuta yapo?" Na mara nyingi waliyoyakusudia yalikuwa mafuta ya taa, yaliyowasha koroboi majumbani na karabai baharini, usiku wa kuvua dagaa. Petroli ilikuwa ya wenye gari, nao walihesabika. Ngalawa zilikwenda kwa tanga.

Uhaba ule ulitoka mbali. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya pipa la mafuta ya Ghuba ilipanda karibu mara nne, kutoka kama dola 3 hadi karibu 12. Ikapaa tena baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979. Mafuta hununuliwa kwa dola, na dola za Zanzibar zilitoka kwenye karafuu, zao ambalo bei yake iliporomoka katika miaka hiyohiyo ya 1980. Huko Bara, serikali ilifika hadi kuzuia magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Barazani Kendwa habari hiyo iliwashangaza watu wasiokuwa na gari hata moja.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mazungumzo nayo yakageuka. Ziliingia Vespa, zikaingia gari za Kijapani zilizokwishatumika, zikaingia mashine za boti. Miaka ya 1990 wakaja wageni. Kendwa imejaaliwa bahari: maji yakitoka hayaendi mbali kama pwani ya mashariki, na mgeni huogelea saa yoyote. Lakini Mji Mkongwe uko karibu kilomita 60, na kituo cha mafuta kilikuwa mbali na kijiji. Petroli ikauzwa dukani kwa chupa, imepangwa juu ya meza, rangi yake inaonekana. Bei aliipanga mwenye meza. Mafuta yalikuwepo sasa, kwa hiyo watu wakaanza kuuliza bei, na aliyeona ghali alijua njia ya kwenda mjini.

Kisha umeme ukazimika. Waya uliotandazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ndio uliokuwa ukiilisha Unguja nzima. Mei 2008 hitilafu iliiacha Unguja gizani takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hii giza lilidumu karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwandishi anaikumbuka sauti ya jenereta kuliko giza lenyewe. Kila hoteli ya ufukweni ilikuwa inanguruma usiku kucha. Ghafla mwenye daladala, mvuvi na mwenye hoteli wakawa wanagombea mafuta yaleyale, na mwenye hoteli ndiye aliyeweza kulipa. Pampu za maji zilisimama, barafu ya samaki ikawa adimu. Kwa mara ya kwanza hata wanawake waliokuwa wakitafuta ndoo moja ya maji walijua lita ya dizeli inauzwaje, kwa sababu maji yao yalitegemea jenereta ya mtu. Mambo yalitulia, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100, uliojengwa kwa fedha za Marekani.

Mwaka huohuo wa 2013 ilipita sheria iliyounda ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar. Leo bei kikomo hutangazwa kila mwezi na kuanza kutumika tarehe 9, na kabla jua halijachwa kila simu ya dereva Kendwa imeshapokea lile jedwali. Ni hatua kubwa. Mtu wa kijijini ana namba ya kumwonesha muuzaji. Ila namba ile ni ya kwenye pampu. Anayenunua kwa chupa au dumu bado yuko mikononi mwa mwenye meza.

Miaka miwili iliwafundisha watu wa Kendwa kwamba bei peke yake haitoshi kueleza hali. Mwaka 2020 mafuta yalishuka duniani kote, hata Aprili 20 mikataba ya mafuta ya Marekani iliuzwa chini ya sifuri. Kendwa ufukwe ulikuwa mtupu, ndege hazitui, gari za wageni zimefunikwa maturubai. Mafuta rahisi, safari hakuna. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ikawa kinyume chake: wageni wamerudi, na bei inapanda. Dar es Salaam lita ya petroli ilifika shilingi 3,410 Agosti, ijapokuwa serikali ya Muungano ilikuwa imeanza Juni kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi.

Hapo ndipo swali la tatu liliposhika barazani: inakula ngapi? Noah ya injini ya lita mbili ikawekwa mizani moja na Alphard ya lita tatu. Madereva wakaanza kupima upepo wa matairi, kubishana kama kiyoyozi kiwashwe tangu mjini au baada ya Kinyasini, kuandika kilomita kwenye daftari. Anayebeba wageni anaweza kupandisha bei ya safari. Wa daladala ya 116 ya Nungwi ana nauli iliyopangwa, na kila shilingi inayoongezeka kwenye lita inatoka kwenye hesabu yake.

Lakini mzigo mkubwa uko baharini, na huko mazungumzo hayajafika vya kutosha. Mashine nyingi za boti za uvuvi ni za aina ya kuchanganya petroli na oili. Ni nyepesi, hazina mambo mengi, fundi yeyote wa pwani anazifungua. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya mchanganyiko hutoka na moshi kabla ya kuungua. Mvuvi anaununua kisha anaumwaga baharini. Mashine zisizochanganya hubana mafuta zaidi, ila ni nzito na bei yake iko juu ya uwezo wa mvuvi wa kawaida. Na bahari haina kilomita za kudumu. Wakati wa kusi, boti inayozunguka Ras Nungwi kuelekea Mnemba inapigana na upepo, na dumu lililotosha wakati wa kaskazi halitoshi.

Dereva anajua nauli kabla ya kuwasha gari. Mvuvi ananunua petroli alasiri, pengine kwa mkopo, bila kujua kama atapata samaki, wala samaki hao watauzwa kwa bei gani asubuhi kwenye mnada wa Nungwi. Pesa ikipatikana, kitu cha kwanza kutolewa ni mafuta. Kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo, fungu la mashine, kisha mabaharia. Baharia mwenye bahati mbaya anaweza kukesha na kurudi nyumbani na kitoweo tu.

Kwa hiyo mwandishi anaona mikopo nafuu ya mashine zinazobana mafuta ingemfaa mvuvi huyu kuliko punguzo la muda kwenye pampu. Wapo manahodha Kendwa ambao hawajasubiri. Wamerudisha mlingoti kwenye boti zenye mashine: huenda kwa petroli, na upepo ukiwa nyuma yao hurudi kwa tanga.